Aliyekalia Dawati la Binti Yake

Katika kata ile nilikuwa shemeji wa kila mtu. Mke wangu alikuwa Afisa Mtendaji wa Kata. Watu walimwita dada walipokuwa na shida na Mama Mtendaji walipokuwa na hofu, na mimi, kwa sababu niliishi naye, nikawa Shemeji kwa vijana, kwa wazee, hata kwa mwendesha pikipiki mmoja aliyekuwa na wajukuu. Nilikuwa na shahada mbili, kompyuta yenye betri mbovu, na kuku kumi na mmoja waliokuwa wamekataa kutaga. Nilikuwa naandika makala za magazeti. Watu walipomuuliza mke wangu, "Shemeji yeye anafanya kazi gani?" alijibu, "Anaandika," nao wakatikisa vichwa kwa huruma, kama vile amewaambia kwamba naumwa.

Kata yenyewe iko njia ya kutoka Mpanda kwenda Inyonga, mahali ambapo msitu wa miombo unaachia nafasi kidogo ya mahindi na tumbaku, kisha unajifunga tena. Sitaitaja kwa jina. Watu wake bado wapo, na baadhi yao sasa wanasoma magazeti, jambo ambalo kwa kiasi fulani ndilo ninalotaka kulieleza hapa.

Mtendaji aliyemtangulia mke wangu alikuwa mwanamume wa kazi. Mtoto akikosa shule, aliagiza mgambo, mgambo wakaenda na kamba, baba akakimbilia porini na mtoto akakimbilia porini zaidi. Mke wangu alipofika, akina mama walikuja kumpima. Hawakuja ofisini, maana ofisini kulikuwa na bendera na benchi, na benchi lilikuwa la wanaume. Walikuja mlango wa jikoni, mmoja na kibuyu cha asali, mwingine na mahindi mabichi ya kisingizio, wakakaa kumsaidia kuchambua maharage. Mimi nilikuwa chumba cha pili nikijifanya naandika, na ukuta wetu ulikuwa mwembamba.

"Choo cha mabinti pale shuleni hakina mlango," alisema mama mmoja siku ya kwanza. "Wakiwa katika siku zao hawaendi. Wiki nzima wako nyumbani."

"Kwa nini hamkumwambia mwenzangu aliyetangulia?"

"Tungemwambiaje mwanamume habari hizo? Angeziandika kwenye faili."

Wote wakacheka. Wiki mbili baadaye choo kilikuwa na milango, na komeo kwa ndani. Baada ya milango ukaja uji: kila nyumba ilitoa mahindi yake, na akina mama wakapika kwa zamu. Mambo haya hayakupitia kwenye kikao chochote ninachokijua. Yalipitia kwenye maharage yetu. Nasema hivi mapema ili yanayofuata yasichukuliwe kwamba nawabeza wanawake wenye ofisi. Nilimwona mmoja kwa karibu sana, na watoto wengi wa kata ile wanajua kusoma kwa sababu yake.

Kitu kilichomshinda kilikuwa tumbaku. Kila mwaka, shule zinapofunguliwa Januari, majani ya chini yanaanza kuiva, na familia zinahamia kambini karibu na mabani, yale majengo ya kukaushia. Mikono yote inahitajika: ya kuchuma, ya kufunga majani kwenye fito, ya kuchochea moto. Vidole vya watoto ni vyepesi kwenye kufunga. Darasa la watoto sitini linabaki na ishirini na tano, na mwalimu anayafundisha madawati.

Asubuhi moja wakati wa chai alikuwa ananung'unika kuhusu jambo hilo, na mimi, nikiwa na mdomo uliojaa kiazi, nikasema, "Si uwakalishe wazazi kwenye hayo madawati? Mtoto asipokuja, baba aje akae."

Nilikuwa natania. Nimetania maisha yangu yote, na kwa bahati nzuri watu wengi hawanisikilizi. Mke wangu aliweka kikombe chini, akatazama dirishani, na nikajua kwamba safari hii nimesikilizwa.

Aliutangaza utaratibu huo kwenye mkutano wa hadhara, akiwa amesimama juu ya kreti ya soda ili wa nyuma wamwone.

"Dawati la mtoto wa shule halitakaa tupu katika kata hii," alisema. "Mtoto asipokuja, nyumba yake itatoa mtu mzima alikalie, mpaka mtoto arudi."

"Na uji tutapewa, Mama Mtendaji?" aliuliza mkulima mmoja, bonge la mtu.

"Utapewa. Na ukichelewa utafagia uwanja."

"Na nikifaulu?"

"Ukifaulu nakupeleka sekondari mwenyewe, nikushike mkono."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti wa kijiji akalazimika kupiga filimbi. Nami nilikuwa nimesimama pembeni nikiona fahari ya kijinga, kama mtu aliyesikia wimbo wake unaimbwa na kwaya.

Utaratibu ulifanya kazi. Yule bonge alikuwa wa kwanza kukalishwa. Alikaa darasa la nne asubuhi nzima, magoti yakiwa karibu na kidevu, na watoto walimcheka hata mwalimu akashindwa kuwanyamazisha. Kesho yake wanawe wawili walikuwa shuleni kabla ya kengele. Wengine walisikia tu habari zake na ikatosha. Kila Ijumaa mwalimu mkuu alituma fomu ofisini kwa mke wangu, fomu aliyoitengeneza mwenyewe, ikionyesha kila darasa lina madawati matupu mangapi. Kufikia Februari fomu ilikuwa imejaa sifuri. Halmashauri ilimsifu. Mtendaji wa kata jirani alikuja kujifunza, akapewa uji, akaondoka na nakala ya fomu.

Binti yetu wa mwisho alikuwa darasa la saba katika shule hiyohiyo. Mke wangu alikataa kumpeleka shule ya kulipia kule Mpanda mjini. Alisema mtendaji hawezi kuwashika watoto wa wenzake na wake akamficha. Basi jioni moja tukiwa tunakula, binti akasema, "Leo Babu kapata nane kati ya kumi."

"Babu yupi?" niliuliza.

"Babu anayekaa mbele yangu. Anakuja na mkongojo wake anauegemeza dirishani. Imla amepata nane! Mimi nimepata saba."

"Umeshindwa na babu?" mama yake akamwambia. "Kesho mwombe akufundishe."

Tukacheka wote watatu. Nimeirudia jioni ile mara nyingi. Mtoto alitueleza kila kitu tulichohitaji kujua, wazi kabisa, na sisi tukampa nyama nyingine.

Kesho yake nilikwenda kumwona huyo babu. Alikuwa mkulima wa tumbaku, mtu wa karibu miaka sitini. Miaka michache nyuma alikuwa anakata kuni za bani, mti ukamwangukia, na nyonga yake haikupona sawasawa. Alikuwa amekaa kwenye dawati karibu na dirisha, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo, anaandika. Wakati wa mapumziko nilikaa naye nje tukinywa uji.

"Shemeji," aliniambia, "mimi niliishia darasa la pili. Na hilo la pili lenyewe nililipita njiani tu, nikienda kuchunga."

"Sasa uko la saba."

"Nimeruka kama sungura." Alicheka, kisha akawa makini. "Unajua, maneno ya kwenye mfuko wa mbolea nilikuwa nayaona miaka yote kama michoro. Juzi nimesoma, 'Weka mbali na watoto.' Nimesoma mwenyewe. Nikawaita wote nyumbani nikawasomea."

Nilirudi nyumbani nikiwa na joto kifuani. Makala niliiandika kwa kikao kimoja, jambo lisilonitokea mara nyingi. Niliandika juu ya mzee aliyefungua maandishi kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake mwenyewe, na juu ya mkongojo dirishani. Niliandika kwamba elimu haina umri, sentensi ambayo ningemkata alama mwanafunzi yeyote aliyeniletea. Mhariri alinipigia simu kunipongeza. Iliwagusa watu. Msomaji mmoja aliahidi kumtumia mzee miwani, na kweli aliituma.

Gazeti lilipofika, nilimsomea mke wangu. Ilikuwa alasiri, ametoka kwenye ukaguzi wa kisima, amekaa kibarazani miguu ikiwa kwenye beseni la maji. Nilisoma kwa sauti yangu ya redio. Alisikiliza mpaka mwisho, akitabasamu mahali pa kutabasamu.

"Nzuri," alisema. Kisha akauliza, "Anakalia dawati la nani?"

"La binti yake. Nadhani."

"Unadhani?"

"Sikumuuliza. Haikuwa..." Nilitaka kusema haikuwa sehemu ya habari.

"Tangu lini anakaa?"

Nilitazama gazeti. Nilikuwa nimeandika, kwa majivuno kabisa, *kwa wiki ya kumi sasa, bila kukosa hata siku moja*. Nikamsomea.

Alitoa miguu kwenye beseni akavaa viatu bila kuikausha.

Tulikwenda na pikipiki ya ofisi, yeye akiendesha na mimi nyuma nimeshika kiti kwa mikono miwili, na kila tuliyempita alisema, "Shikilia, Shemeji!" Ni mwendo wa dakika kumi hadi kambi ya mzee, mwisho wake ni njia ya ng'ombe tu. Mabani mawili yalikuwa yanatoa moshi. Chini ya kibanda cha nyasi mama mtu na binti yake walikuwa wanafunga majani kwenye fito. Binti alikuwa na miaka kumi na minne hivi. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu, na havikuacha kwenda hata alipoinua macho kututazama.

"Shikamoo, Mama Mtendaji."

"Marahaba. Mwanangu, mbona uko hapa?"

"Nafunga tumbaku."

"Na shule?"

"Shule tupo," alisema. Alisema *tupo*, na hakuwa na wasiwasi wowote. "Baba yuko kule. Hatujakosa hata siku moja."

Mama yake alifuta kigoda kwa upindo wa kanga akamkaribisha mke wangu, akaeleza kama mtu anayemweleza mgeni mambo ya kawaida. Hata barabara ikichimbwa kwa msaragambo, alisema, tangazo ni kila nyumba itoe mtu mmoja. Hakuna anayeuliza ni mtu gani. Nyumba inatoa mwenye nafasi. "Sasa kwetu mwenye nafasi ni mzee. Nyonga haimruhusu kuingia kwenye mistari ya tumbaku. Na huyu ndiye mwenye vidole. Tukakaa, tukapanga, tukamtoa mzee." Alimtazama mke wangu, akaona kitu usoni mwake, sauti ikashuka. "Ulisema dawati lisikae tupu, dada. Au kuna siku limekaa tupu?"

"Hapana," mke wangu alisema. "Halijakaa tupu."

"Basi."

Mke wangu alikuwa mtu wa majibu. Nimewahi kumwona akimjibu diwani, na padri, na mama yangu. Pale alikaa akitazama fito zilizojaa majani, zimepangwa vizuri sana, kila shada sawa na jingine.

Binti ndiye aliyejaribu kutusaidia. "Jioni Baba ananifundisha walichosoma," alisema. "Historia anaikumbuka yote. Ila hesabu anasahau njiani."

Kesho yake tulikwenda kwa mwalimu wa darasa. Alikuwa kijana mwenye watoto zaidi ya sitini na chaki ya kubania. Alitoa daftari la mahudhurio bila kubishana. Mbele ya jina la binti kulikuwa na alama ya kuwapo, siku baada ya siku, mstari mzima.

"Umemwandikaje yupo na hayupo?" mke wangu aliuliza.

"Mama, mtu alikuwepo. Agizo lilitoka kwako."

"Niliagiza mtoto arudi."

"Ndiyo. Lakini fomu yako inauliza dawati, haiulizi mtoto. Mimi nimejibu ilichouliza." Hakuwa na kiburi. Alikuwa amechoka tu, na alisema kweli. Mke wangu alichukua fomu, akaisoma kuanzia juu hadi chini kama vile imeandikwa na mtu mwingine, akaikunja, akaitia kwenye pochi.

Jumatatu binti alirudi shuleni. Mzee alikuja naye. Nilikuwepo, sijui kwa nini, labda kwa sababu nilijiona nina hisa katika jambo lile. Aliingia darasani akalifuta dawati kwa mkono wa shati, akasema, "Karibu mwenzangu," na darasa zima likapiga makofi. Kisha akachukua mkongojo wake dirishani akatoka. Binti alikaa akafungua madaftari. Yalikuwa yamejaa mwandiko wa baba yake. Kurasa zote za Januari, Februari na Machi zilikuwa na herufi kubwa zilizolala upande mmoja, na tiki nyekundu za mwalimu, na mahali pengine *Vizuri, Babu!* Alifunua taratibu, ukurasa kwa ukurasa, mpaka alipofika kwenye ukurasa mtupu. Hapo akaandika tarehe.

Mtihani wa kumaliza darasa la saba ulikuwa Septemba. Mke wangu alipanga binti awe anakuja kwetu alasiri, asome na binti yetu, na mimi niwafundishe. Ningependa kuandika hapa kwamba nilimwokoa. Ukweli ni kwamba mimi na hesabu za sehemu hatujawahi kupatana. Wiki ya kwanza binti yetu alinisahihisha mara nne mbele ya mwenzake, na baadaye wakaniacha pembeni wakawa wanafundishana wenyewe. Nikawa mpishi wa viazi. Binti wa mzee alikuwa na akili nyepesi, hilo nalisema bila huruma ya kubandika. Lakini hakuwa amekosa miezi mitatu tu. Alikuwa amekosa miezi hiyohiyo mwaka uliotangulia, na mwaka wa kabla yake, enzi za kamba na mgambo, na kila alipofika kwenye jambo jipya alikuta limejengwa juu ya jambo lililofundishwa wakati yuko kambini. Aliwahi kumuuliza binti yetu, "Nyie haya mlifundishwa lini?" Na jibu lilikuwa Februari, karibu kila mara.

Agosti wazazi wa binti huyo walianza kuandaa vitalu vya miche. Akawa anakuja siku mbili kwa wiki, kisha moja. Mke wangu alikwenda kambini mara tatu. Mara ya tatu mama mtu alilia, akasema vitalu vikiharibika hawana mwaka mwingine, na mke wangu akarudi amebeba malenge aliyopewa. Siku ya mtihani alikwenda kumchukua binti mwenyewe kwa pikipiki, akampeleka mpaka mlangoni. Binti alipotoka kwenye mtihani nilimuuliza ilikuwaje.

"Nimejaza zote," alisema.

Majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza yalifika Desemba. Mke wangu aliyapata mapema kwenye simu. Aliyasoma amesimama, kisha akayasoma amekaa. Akaenda ofisini akayabandika ukutani, chini ya upenu, mvua isiyafikie. Watu walianza kuja. Karibu saa tano nilimwona mzee kwa mbali, anachechemea kwenye tope, amevaa koti la mvua na ile miwani ya msomaji wangu.

"Toka ukasimame naye," mke wangu aliniambia kutoka ndani. "Mimi siwezi. Toka wewe."

Nilitoka. Tuliamkiana. Nilimwambia, "Mzee, subiri nikusomee."

"Ya nini, Shemeji? Si ninajua?"

Alisimama mbele ya karatasi, akaweka kidole kwenye jina la kwanza la wasichana. Alisoma kwa sauti, kama alivyozoea darasani, jina la kwanza, la pili, la tatu. Aliwajua wote, walikuwa wenzake. Kila alipomaliza jina alisema kitu: huyu alikuwa mchokozi, huyu aliniazima penseli. Katikati ya orodha akafika kwa binti yetu. Alilisoma jina lote, na la kwangu likiwa mwishoni mwake, akanigeukia, akatoa mkono wake wenye tope.

"Hongera, Shemeji. Huyu wa kwako kapita."

Nilimpa mkono. Sikumbuki nilisema nini. Natumaini sikusema asante.

Akaendelea mpaka chini. Alipofika kwenye jina la mwisho, kidole kilibaki pale kwenye sehemu nyeupe ya karatasi. Kisha akarudi juu akaanza tena, taratibu zaidi, na safari hii hakusema lolote juu ya mtu yeyote. Alipomaliza mara ya pili alivua miwani akaifuta.

"Labda nimesoma vibaya," alisema. "Mimi ni mgeni kwenye kusoma. Hebu nisomee wewe mwenye shahada."

Nikamsomea. Orodha ya wasichana yote, jina kwa jina, kwa sauti, naye amesimama kando yangu ameinamisha kichwa akisikiliza kama mtu anayesikiliza injini. Nilisoma polepole. Nilikuwa natamani karatasi isiishe. Ikaisha.

Mke wangu alikuwa ametoka, amesimama mlangoni. Mzee alimwona akamsogelea.

"Mama Mtendaji, nina swali."

"Uliza, baba."

"Ile miezi niliyokaa mimi. Mwalimu aliniwekea tiki, zipo kwenye daftari. Imla nilipata nane, siku nyingine tisa. Hawawezi kumhesabia yeye? Nilikaa kwa niaba yake."

"Hawawezi, baba."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Alitikisa kichwa mara kadhaa, bila hasira. "Kwenye kazi ya barabara wanahesabu," alisema. Kisha akavaa miwani, akaaga, akashuka ngazi akitanguliza mguu mbovu.

Mke wangu alifuta utaratibu wa madawati wiki ileile. Akatengeneza fomu mpya inayouliza majina ya watoto, jina kwa jina, nani alionekana kwa macho. Januari ilipofika fomu ikarudi na ukweli, na ukweli ulikuwa mbaya kuliko sifuri zake. Halmashauri ikamwita aeleze kwa nini mahudhurio yameporomoka katika kata iliyokuwa ya mfano. Alieleza. Walimsikiliza, akasema, kama wanavyomsikiliza mtu anayejitetea. Sitasema kwamba ndiyo sababu tulipewa uhamisho, kwa sababu watumishi wanahamishwa kila siku. Tulihama.

Kabla ya hapo alikuwa amehangaika kumtafutia binti nafasi nyingine, darasa la waliokosa, mafunzo ya ushonaji Inyonga, chochote. Ushonaji alianza, akaacha msimu ulipoingia. Mimi nilimwandikia mhariri nikiomba turudie habari ile, tuseme dawati lilikuwa la nani. Alinijibu kwa upole kwamba habari ilikuwa nzuri ilivyokuwa, na wasomaji bado wanaikumbuka. Sikusisitiza. Ningeweza kusisitiza.

Mama yake binti alikuja kutuaga siku tuliyokuwa tunafunga mizigo, kwa mlango wa jikoni kama kawaida. Aliketi akamsaidia mke wangu kufunga vyombo kwa magazeti. Mke wangu alimuuliza habari za mzee.

"Anasoma," alisema. "Anasoma kila kitu. Mifuko, kalenda, hata karatasi za kufungia vitumbua. Ila siku hizi anasoma kimya, midomo tu inacheza."

"Kwa nini?"

Alikunja gazeti kwenye sahani moja, akaliweka, akachukua sahani nyingine.

"Binti alimwomba. Alimwambia, Baba, ukisoma kwa sauti mimi nikiwa ndani, najisikia vibaya. Basi mzee akasema haya. Sasa anatoka anakwenda kukaa nyuma ya bani, anasomea kule."